Talaka ukiwa ughaibuni: mahakama ya nchi gani ina mamlaka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka zaidi kwa Watanzania na Wakenya walioko Uingereza, na majibu mengi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yanapotosha watu vibaya, huyu anaambiwa aende ubalozini, yule anaambiwa lazima arudi alikofungia ndoa, mwingine kakaa miaka sita kwenye ndoa iliyokufa sababu aliambiwa bila uraia hana haki. Hapa tunaongelea zaidi England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina mahakama zake na sheria zake. Mwishoni kuna machache kuhusu Marekani, Ulaya na Dubai.

## Mambo ya msingi

1. Sisi sio raia wa hapa. Mahakama ya huku kweli inaweza kuvunja ndoa yetu?

Inaweza, na inafanya hivyo kila siku. Pasi yako iwe ya Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, hakimu haanzii hapo. Anaangalia uhusiano wenu na nchi hii siku maombi yanapoingia: nani anaishi hapa, tangu lini, na kwao hasa ni wapi. Sheria yenyewe ni ya 1973, ikabadilishwa Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, na vigezo vya sasa vinatumika tangu mwisho wa 2020.

2. Lakini ndoa tulifungia Moshi. Si lazima turudi tulikofungia?

Hapana. Hili ndilo kosa linalowatesa watu kuliko yote. Mahali ndoa ilipofungwa kunasaidia kujua kama ndoa ni halali, yaani kama mlifuata taratibu za huko. Ndoa ikishakuwa halali huko, huku nayo kwa kawaida inahesabika ni ndoa, na mahakama ya huku inaweza kuivunja kama kigezo kimojawapo cha swali la 4 kipo. Iwe kanisani Moshi, bomani Ilala, kwa Kadhi Mombasa au ofisi ya msajili Nairobi, sawa tu, unachohitaji ni cheti (kama kimepotea tazama swali la 24).

3. Ubalozi wetu London hauwezi kutusaidia kuachana?

Hauwezi kuvunja ndoa. Unaweza kukusaidia mambo ya pasi na nyaraka, lakini talaka ni kazi ya mahakama.

4. Sasa mahakama inaangalia nini hasa?

Unahitaji kigezo kimoja tu, sio vyote. Cha kwanza, wote wawili makazi yenu ya kawaida yako England au Wales. Au mliishi hapa wote mkaachana, mmoja akaondoka na mwingine bado yupo. Au yule unayemdai talaka ndiye anayeishi hapa, hata kama wewe uko Dodoma. Au wewe mwenyewe unayeomba unaishi hapa na umekaa mwaka mzima kabla ya kuomba, au miezi sita kama pia domisili yako (nchi ambayo sheria inaihesabu kuwa kwenu hasa, tazama swali la 6) ni ya hapa. Halafu kuna domisili peke yake: hata mmoja wenu tu akiwa na domisili ya England na Wales inatosha. Na kama mnaomba kwa pamoja, yaani mmekubaliana na mnajaza fomu moja, inatosha mmoja wenu awe anaishi hapa.

Isome hiyo mara mbili, kwa sababu watu wengi wanajiona hawana haki kumbe wana vigezo viwili au vitatu. Fomu ya onlaini inakuuliza maswali haya haya na unatakiwa uyajibu kwa ukweli, sio kubahatisha. Kuhusu kudanganya tazama swali la 7.

5. "Makazi ya kawaida" yanapimwaje? Mimi huwa naenda nyumbani kila mwaka.

Kwenda likizo nyumbani hakuvunji kitu. Wanaangalia maisha yako yamejikita wapi: kazi, nyumba unayolala, watoto wanasoma wapi, GP wako (daktari wa mtaa), benki, kodi unalipia wapi. Mtu anayefanya kazi Birmingham na kwenda Tanga wiki nne Desemba anaishi Birmingham, hakuna ubishi hapo. Utata unaanza kwa wale wanaokaa miezi huku miezi kule kwa ajili ya biashara, hao wakae na wakili kabla ya kujaza chochote, sababu mwenzako akiamua kupinga mamlaka ya mahakama hapo ndipo atakapopiga.

6. Na hii domisili ni kitu gani? Nimekaa hapa miaka 15, si ndio kwangu?

Si lazima. Domisili ni nchi ambayo sheria inaihesabu kuwa ndiyo kwenu hasa. Ukizaliwa unapata ya baba yako kama wazazi wameoana, ya mama kama hawajaoana, na unaibeba popote uendapo mpaka uhamie nchi nyingine kwa nia ya kubaki huko moja kwa moja. Unaweza ukakaa Leeds miaka 20 na bado domisili yako ni ya Tanzania kama muda wote mpango wako ni kurudi kwenye nyumba unayojenga Kibaha. Mwingine amekaa miaka minne tu, kanunua nyumba, kachukua uraia, kasema mimi sirudi tena nyumbani, huyo anaweza kuwa ameshapata domisili ya England.

Mke naye ana domisili yake mwenyewe. Zamani sheria ya England ilimpa mke domisili ya mume moja kwa moja, hilo lilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 1974, kwahiyo dada usikubali kuambiwa "wewe unafuata kwa mumeo".

Domisili ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: ukiwa bado unayo ya nyumbani, mlango wa mahakama ya nyumbani nao unabaki wazi. Hilo liko swali la 11.

7. Mimi niko Arusha na mwenzangu yuko Arusha, lakini kaka yangu anaishi Reading. Naweza kutumia anuani yake nipate talaka ya haraka?

Usithubutu. Mwaka 2014 jaji mkuu wa mahakama ya familia, Sir James Munby, alifuta talaka 180 za wanandoa wa Italia, karibu zote zikiwa zimetumia anuani moja ya Maidenhead ambayo ilikuja kugundulika ni sanduku la barua tu, hakuna mtu angeweza kuishi mle. Zote 180 zilifutwa kwa sababu mahakama ilidanganywa kuhusu makazi, haikuwa na mamlaka kabisa. Fikiria mtu alishaoa tena hapo katikati. Ukisaini fomu unasaini kwamba unayosema ni kweli, na kusema uongo hapo ni kosa.

8. Viza yangu imeisha, sina karatasi. Naruhusiwa kwenda mahakamani?

Ndiyo. Kuna kesi ya Mark dhidi ya Mark, iliamuliwa na House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 2005. Mke na mume ni Wanigeria, mke ruhusa yake ya kukaa ilikuwa imeisha, mume akasema huyu yupo nchini kinyume cha sheria kwahiyo hawezi kuhesabika anaishi hapa. Majaji wakakataa hoja hiyo: kukaa bila kibali hakumzuii mtu kuwa na makazi ya kawaida wala kupata domisili kwa ajili ya talaka. Naisisitiza hii kwa sababu kuna watu wanapigwa na kunyanyaswa majumbani wanaambiwa "ukienda mahakamani utarudishwa", wananyamaza. Mambo ya viza ni kesi nyingine na yana msaada wake, tazama swali la 19.

9. Inachukua muda gani, na lazima nithibitishe kosa?

Tangu tarehe 6 Aprili 2022 huhitaji kuthibitisha uzinzi, ukatili wala chochote, unatamka tu kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Lakini lazima ndoa iwe imefikisha mwaka mmoja. Ukishafungua, kuna wiki 20 za kusubiri kabla ya kuomba amri ya awali, halafu wiki 6 na siku moja kabla ya amri ya mwisho, kwahiyo hesabu miezi sita na zaidi hata mambo yakienda vizuri. Mpaka amri ya mwisho itoke bado mmeoana. Ada ya mahakama ni mamia ya pauni, ila mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe yote, fomu hiyo ipo, ijaze.

## Mmoja huku, mwingine nyumbani

10. Mume wangu yuko Mwanza na amesema hasaini kitu. Nitakwama?

Hutakwama. Saini yake haihitajiki ili ndoa ivunjwe. Kinachohitajika ni apate taarifa, na mahakama iridhike kwamba amezipata. Hakikisha una imeili anayoitumia kweli na anuani inayoeleweka (sanduku la posta la shule aliyofundisha 2009 sio anuani). Akijificha, unaweza kuiomba mahakama iruhusu njia nyingine ya kumfikishia, mahakama zimeshawahi kuruhusu hata mitandao ya kijamii, mradi uonyeshe anaitumia, na kama umemtafuta kila mahali hukumpata unaomba kumfikishia kusilazimike kabisa. Tunza ushahidi wa kila hatua, meseji, nani ulimpigia, tarehe.

Sababu za kupinga zimebaki chache sana: kwamba mahakama haina mamlaka, kwamba ndoa sio halali, au kwamba ilishavunjwa tayari. "Mimi bado nampenda" sio mojawapo, inauma lakini ndivyo sheria ilivyo.

11. Mimi niko Uingereza lakini nataka kesi iende Tanzania. Inawezekana?

Inawezekana kama domisili yako bado ni ya Tanzania, au kama umeishi Tanzania mwaka mzima kabla ya kufungua. Hiyo ni Sheria ya Ndoa ya 1971. Mamlaka wanayo kwa pamoja mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza, ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Wa pili ni baraza la usuluhishi wa ndoa: kwa kawaida huwezi kufungua kesi ya talaka mpaka baraza lishindwe kuwapatanisha na litoe hati, na kesi nyingi zimetupwa kwa kukosa hati hiyo tu, mtu kaja na wakili mzuri na ushahidi umejaa faili, inafutwa anaanza upya. Ila sheria hiyo hiyo, kifungu cha 101, ina misamaha, na mmoja unawagusa watu wa diaspora moja kwa moja: kama unayemdai anaishi nje ya Tanzania na haitarajiwi ataingia nchini ndani ya miezi sita baada ya kufungua, huhitaji kupita baraza. Pia kama alikutelekeza na hujui alipo, au aliitwa barazani akakataa makusudi. Angalia vizuri lakini, msamaha unahusu mwenzako kuwa nje. Kama wewe ndiye uko nje na yeye yuko Mbagala, baraza linakuhusu, panga safari yako au ongea mapema na wakili wa huko.

Ushahidi kwa video siku hizi mahakama za Tanzania zinaruhusu, lakini unaombwa mapema na hakimu ndiye anaamua.

12. Na Zanzibar? Na Kenya?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ndoa na talaka za Waislamu ziko Mahakama ya Kadhi. Kenya wana Sheria ya Ndoa ya 2014 yenye aina tano za ndoa (ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu) na kila moja ina sehemu yake ya talaka, kwahiyo cha kwanza jua ndoa yako ni ya aina gani. Mahakama ya Kadhi Kenya, kwa Katiba ya 2010 ibara ya 170, inasikiliza pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake.

13. Mimi nimefungua huku, yeye kafungua Nairobi. Nani anashinda?

Kuwahi peke yake hakutoshi, ingawa kunasaidia. Mahakama ya England inaweza kusimamisha kesi yake ikiona mahakama ya nchi nyingine ndiyo inayofaa zaidi: mnaishi wapi, mali iko wapi, mashahidi wako wapi, watoto wako wapi, na kama haki itatendeka huko. Kwa mfano mmeishi Nairobi miaka kumi na nane, biashara zote ziko huko, mke kaja London mwaka jana tu, kesi inaweza kupelekwa Nairobi. Wakiishi wote Luton na watoto wanasoma Luton, ni vigumu mtu kumshawishi jaji kwamba Nairobi panafaa zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba ukisikia mwenzako amefungua kokote, usikae kimya ukasema hainihusu. Nenda kwa wakili wiki hiyo hiyo. Kesi ikiisha nyumbani bila wewe kusema kitu, huku hutaanza mahali pazuri.

## Talaka ya kidini

14. Mume kanitumia talaka tatu kwa WhatsApp, wote tuko London. Nimeachika?

Kisheria hapa, hapana. Sheria ya Familia ya 1986 inasema talaka inayopatikana ndani ya visiwa hivi inahesabika tu ikitolewa na mahakama ya kiraia. Kidini masheikh watakueleza hali yako, na hilo lina uzito wake kwako, lakini kwa serikali bado ni mke wa mtu: haki zako za nyumba na matunzo hazijafutika, na ukifunga ndoa nyingine ya kisheria kabla ya mahakama kuvunja hii unaingia kwenye matatizo makubwa.

Hata akitamka hapa halafu taarifa zikapelekwa nchi nyingine kukamilishwa, haisaidii. Hilo liliamuliwa na House of Lords mwaka 1986 kwenye kesi ya Fatima, talaka ilitamkwa England ikakamilishwa Pakistan, ikakataliwa.

15. Akienda Zanzibar au Mombasa akaachia huko je?

Hapo inategemea. Kama kulikuwa na utaratibu rasmi, mfano Mahakama ya Kadhi imesikiliza na kutoa hukumu, huku inaweza kutambulika kama ni halali huko na mmoja wenu alikuwa raia wa nchi hiyo, au ana domisili yake, au anaishi huko. Kama ni kutamka tu bila chombo chochote, masharti yanakaza: domisili zenu lazima ziwe za nchi hiyo au nchi inayoitambua talaka hiyo, na hakuna kati yenu aliyekuwa anaishi Uingereza mwaka mzima uliotangulia. Kwahiyo mume anayeishi Manchester akipanda ndege wiki mbili, akatamka sebuleni kwa shangazi yake akarudi, hajavunja ndoa kwa sheria ya huku. Na hata talaka ya mahakama inaweza kukataliwa kama wewe hukupewa taarifa wala nafasi ya kusikilizwa.

16. Sisi tulifunga nikah tu hapa msikitini, hatukuandikisha. Naomba talaka wapi?

Hili linaumiza. Mahakama ya Rufaa mwaka 2020, kesi ya Akhter, ilisema sherehe ya kidini peke yake hapa England bila taratibu za kisheria haifanyi ndoa, hata ya batili. Maana yake hakuna ndoa ya kuvunja na mlango wa kugawana mali kama wanandoa umefungwa. Mnabaki na haki za watu walioishi pamoja, ambazo ni ndogo, pamoja na matunzo ya mtoto. Tofautisha na nikah iliyofungwa Tanga au Lamu kwa taratibu za huko, hiyo ni ndoa kamili na swali la 2 linakuhusu. Ndugu zangu mnaopanga kuoa mwaka huu, andikisheni.

## Mali, watoto na viza

17. Talaka ilishatoka nyumbani, mimi sikupata kitu, na nyumba iko London. Nimechelewa?

Labda hujachelewa. Sheria ya 1984 inaruhusu mtu aliyeachika nje kuja kuomba mgao hapa, kwa ruhusa ya mahakama kwanza, kama mmoja wenu ana domisili ya hapa, au ameishi hapa mwaka mzima, au kuna nyumba ya ndoa hapa ambayo mmoja wenu ana maslahi nayo. Kesi kubwa ni ya Agbaje, Mahakama ya Juu 2010: wanandoa wenye asili ya Nigeria, ndoa ya miaka 38, talaka ikatolewa Nigeria na mke akapewa kidogo sana wakati yeye anaishi England. Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi wa kumpa pauni 275,000 kutoka kwenye nyumba ya London. Sio kwamba wanarekebisha kila hukumu ya Afrika, wanaangalia uhusiano wenu na nchi hii na kama ni haki wao kuingilia.

Tahadhari moja kubwa sana: ukishaolewa au kuoa tena unapoteza haki ya kuomba hivi. Tafadhali uliza kwanza habari za mali ndipo upange harusi.

18. Jaji wa hapa anaweza kugawa kiwanja cha Kigamboni? Na watoto?

Kiwanja anaweza kukihesabu kwenye mali zenu, na anaweza kumwamuru mwenye nacho akiuze, au amlipe mwenzake kutoka mali nyingine. Asichoweza ni kubadilisha jina kwenye hati ya ardhi ya Tanzania, hiyo ni kazi ya huko. Kwahiyo kama mali nyingi ziko nyumbani, fikiria vizuri kama kesi ya huku itakupa kitu cha kushika mkononi. Mahakama za Tanzania zinagawa kufuatana na mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983 kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango. Kenya, Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mmoja aonyeshe mchango wake, wa pesa au usio wa pesa.

Watoto ni suala tofauti kabisa, wana kanuni zao. Kinachoangaliwa zaidi ni mtoto mwenyewe anaishi wapi kwa kawaida, na inaweza kutokea ndoa ikavunjwa nchi moja na malezi yakaamuliwa nchi nyingine. Usimchukue mtoto kwenda naye nyumbani moja kwa moja bila ridhaa ya mzazi mwenzio au ruhusa ya mahakama, ni kosa la jinai, hata kama wewe ndiye umemlea peke yako.

19. Niko kwa viza ya mwenza. Nikiachana nitafukuzwa?

Viza iliyotegemea ndoa inaweza kufupishwa, mara nyingi unapewa siku 60 za kuomba viza nyingine au kuondoka, na unatakiwa kuwajulisha Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji) ndoa ikivunjika. Kwahiyo muone mshauri wa uhamiaji KABLA hujafungua kesi. Kama ndoa imevunjika kwa sababu ya unyanyasaji, kuna njia ya kuomba ukaazi wa kudumu kama mhanga, na kuna ruhusa ya muda ya miezi mitatu inayokupa nafasi ya kupata msaada wa serikali wakati unaandaa maombi. Unyanyasaji sio kipigo tu, kukunyima pesa na kukuficha pasi ni unyanyasaji.

## Kama uko nchi nyingine

20. Marekani je?

Kila jimbo na lake. Texas unatakiwa uwe umeishi miezi sita kwenye jimbo na siku 90 kwenye kaunti, Minnesota siku 180. Uraia na gringadi (green card) havihitajiki. Jambo la kujua: mahakama ya jimbo unaloishi inaweza kuvunja ndoa hata mwenzako hajawahi kukanyaga Marekani, lakini kumlazimisha alipe au kugusa haki zake za pesa inahitaji mamlaka juu yake yeye mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema hivyo tangu 1948.

21. Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji?

Nchi karibu zote za Umoja wa Ulaya zinafuata kanuni moja, toleo jipya linatumika tangu tarehe 1 Agosti 2022, na inafanana na swali la 4: makazi ya kawaida, mwaka mmoja kwa anayeomba, miezi sita kama ni raia wa nchi hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba huko aliyefungua kwanza ndiye mwenye kesi, nchi ya pili ndani ya Umoja inasubiri. Ujerumani pia talaka ya nje kwa kawaida inapitishwa kwanza kwenye mamlaka ya haki ya jimbo ili itambulike, isipokuwa kama mahakama iliyoitoa ni ya nchi ambayo nyote wawili ni raia wake.

22. Dubai?

Tangu tarehe 1 Februari 2023 Falme za Kiarabu zina sheria ya kiraia ya familia kwa wasio Waislamu, mmoja anaweza kuomba talaka bila kuthibitisha kosa na ikatolewa kikao cha kwanza. Waislamu wana sheria yao. Kabla ya kukimbilia uharaka huo hakikisha hukumu itakubalika nyumbani, jibu linafuata.

## Utata mwingine

23. Nikipata talaka ya hapa, Tanzania na Kenya wataitambua?

Kwa kawaida ndiyo, kama kulikuwa na uhusiano wa kweli na nchi iliyoitoa. Tanzania wanaangalia kama talaka ni halali huko ilikotolewa na kama mmoja wenu alikuwa na domisili au ukaazi wa muda mrefu huko. Kenya wanaangalia domisili ya mmoja wenu, au kama talaka inakubalika nchi ya domisili hiyo. Ukiipata amri ya mwisho, omba nakala yenye muhuri wa mahakama, kisha kwa Tanzania ipelekeni RITA (wakala wa serikali wa usajili) isajiliwe. Wengi wanaishia kuweka karatasi kabatini, siku wanataka kuoa tena nyumbani au kuna mirathi, jina la mwenzake wa zamani bado lipo kwenye daftari.

24. Cheti cha ndoa kimepotea, na kilikuwa cha Kiswahili.

Omba nakala iliyothibitishwa RITA au kwa msajili wa ndoa Kenya, ndugu anaweza kukufuatilia. Kikiwa hakina Kiingereza kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, rafiki yako anayejua Kiingereza hatoshi. Angalia majina: kama cheti kinasema Mwanaidi na pasi inasema Mwanahidi, eleza tofauti hiyo mapema kwenye fomu.

25. Ndoa yetu kwenye cheti imeandikwa ni ya wake wengi. Mahakama ya hapa itaikubali?

Sheria nyingine ya hapa, nayo ya 1973, inaruhusu mahakama kuivunja hata kama ni ya mitala, kwahiyo hilo neno kwenye cheti cha Tanzania lisikutishe. Shida ni kwa yule ambaye domisili yake ilishakuwa ya England halafu mume ana mke mwingine hai kwenye ndoa halali: ndoa hiyo ya pili, hata ikifungwa Bagamoyo kwa taratibu zote, kwa sheria ya huku ni batili. Mke wa pili asikate tamaa, ndoa batili ya namna hiyo inafutwa kwa amri ya mahakama, na mahakama inayoifuta ina uwezo wa kugawa mali kama inavyofanya kwenye talaka. Aende na cheti chake, picha za harusi na majina ya walioshuhudia.

26. Nilifungua nikiwa Coventry, nimerudi Dar katikati ya kesi. Inakufa?

Haifi. Mamlaka yanapimwa siku maombi yalipofunguliwa, ukihama baadaye kesi inaendelea, unachotakiwa ni kuipa mahakama anuani yako mpya na kuendelea kusoma imeili zao. Mambo yakiwa bado hayajafunguliwa na tiketi umeshakata, fungua kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ukishahamia Dar moja kwa moja kigezo chako cha makazi kimeondoka, na utategemea mwenzako bado anaishi huku au kuna mwenye domisili.